Silinda ya Tatu

Gari liliingia Isevya likichechemea,
Probox nyeupe iliyogeuka rangi ya barabara ya Sikonge,
ndoo sita za asali nyuma, zimezibwa kwa magunia,
na injini ikiongea kwa kigugumizi:
silinda tatu zinaitikia,
moja imenuna.

Mama Nyanzala hakusalimia.
Alipanga koili tatu juu ya boneti,
moja bado imo kwenye nailoni yake.
"Hizi nimenunua mwaka huu.
Kila fundi ananiambia koili.
Na wewe sema koili
nikupige nayo."

Sikusema.
Niliichomoa ya silinda ya tatu nikaipa ya pili,
ya pili nikaihamishia ya tatu.
Kama ugonjwa ni wa mtu, utamfuata akihama.
Kama ni wa nyumba, utabaki na nyumba.
Shija akawasha.
Ugonjwa ukabaki na nyumba.

Nyaya ni nne, nikamwonyesha.
Huu unaleta umeme: mita ikasoma kumi na mbili na ushee. Mzima.
Huu unashuka kwenye bodi. Mzima.
Huu unarudisha jibu, "nimepiga".
Na huu mwembamba
hubeba neno moja tu kutoka kwenye kompyuta:
sasa.
Sasa.
Sasa.
Mara mia nne kwa dakika, na hapo gari limesimama tu.
Bila neno hilo, koili hata itoke Japani na cheti chake
ni mpiga ngoma aliyeinua fimbo
hajaambiwa ashushe.

Nilishika taa yangu ndogo ya kijani,
niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa.
Silinda ya kwanza, ikapepesa kama jicho lililoingia vumbi.
Ya pili, ikapepesa. Ya nne, ikapepesa.
Ya tatu, giza.

"Kompyuta imekufa," Shija akasema.
Vijana hupenda kuua vitu vya bei kubwa.
Nikamwambia: usimzike mtu
kwa kuwa hajapokea simu.

Niliufuata waya kwa vidole,
chini ya bomba la hewa, nyuma ya mfuniko,
hadi pale unapopinda kwenye kona ya chuma.
Nikautikisa. Taa ikapepesa.
Nikaachia.
Giza.

Palikuwa na kamba pale.
Katani, ya kufungia marobota ya tumbaku,
mafundo mawili, ncha imerudishwa ndani.
Vumbi lilikuwa limeilowa mafuta, limeigeuza msumeno;
kila shimo la barabara lilikata kidogo,
ganda kwanza, kisha uzi mmoja wa shaba,
kisha mwenzake.

Fundo lile nalijua.
Nilijifunza utotoni, tukifunga mizinga juu ya myombo,
na sijaona fundi mwingine hapa mjini anayelifunga.
Masika iliyopita, mvua, saa kumi na mbili jioni,
klipu imevunjika mkononi mwangu,
nikasema: itashika kwa leo.
Ikashika.

Mama alikuwa kwenye benchi, amenipa mgongo, anahesabu noti.
Ningeikata, nikaitia mfukoni, nikasema "panya".
Tabora ina panya wa kutosha kubeba lawama.

Nikaunga waya, nikauchomelea, nikauvisha mpira,
nikaushika kwa klipu mpya.
Injini ikatamka maneno yake yote manne.

Kisha nikaibeba kamba kiganjani hadi kwenye benchi.
"Hii ni yangu."
Akaitazama. Akazitazama koili.
Hakukasirika; angekasirika ingekuwa nafuu.
"Elfu sitini moja," akasema. "Mara tatu."
"Naam."
"Utanilipa kidogo kidogo. Hizi baki nazo, uza."

Nimeuza moja.
Ile ya kwenye nailoni bado iko rafuni.
Na kamba, sijui nani alimtuma,
Shija ameitundika kwenye msumari wa mita,
juu ya mita,
siwezi kuichukua mita
bila kuigusa kwanza.